Kipimo cha Uani

Namba iliyotokea kwenye kioo asubuhi ile ilikuwa tisa. Mpimaji aliisoma, akakifuta kioo kwa ncha ya mtandio wake, akaisoma tena. Tisa. Na huku macho yanamwasha, machozi yanamtiririka, na nyumba ya jirani, ambayo haikuwa hata hatua ishirini kutoka pale, ilikuwa haionekani ila paa. Kuta zote zilikuwa zimemezwa na moshi.

Alisimama uani akikitazama kile kisanduku cheupe kilichofungwa kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, kama mzazi anayemtazama mtoto aliyemdanganya. Kazi ya kisanduku ilikuwa moja tu: kuvuta hewa kwa mrija mdogo ulioelekea chini, kuhesabu vumbi laini la moshi lililomo, na kuonyesha wastani wa saa mbili zilizopita. Chini ya kumi na tano ni hewa nzuri. Ndivyo alivyofundishwa ofisini. Mtaa wao ulikuwa bondeni, nyumba zimebanana, kila jiko linakula kuni, na asubuhi za baridi moshi ulikataa katakata kupanda. Ulilala baina ya nyumba mpaka jua likolee. Katika miezi mitatu ya mwanzo ya kazi yake hakuwahi kuona namba ya asubuhi iliyo chini ya mia. Sasa hii ilikuwa wiki ya tatu kisanduku kinamwambia kwamba wanaishi kwenye hewa ya mlimani.

"Kinasemaje leo?" mama mkwe wake aliuliza kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa amembeba mjukuu mgongoni, mkono mmoja ameuegemeza kwenye mlango ili akohoe vizuri.

"Kinasema vizuri, mama."

"Haya, vizuri," bibi akajibu, akarudi kwenye moshi wake.

Mpimaji akaandika tisa kwenye daftari, maana kazi yake ilikuwa kuandika kilichoonekana. Lakini roho haikutulia. Aliinama akauchungulia mdomo wa ule mrija. Haukuwa na kitu. Ila pembeni, kwenye ukingo wake, palinasa uzi mmoja wa sufu, wa buluu, mfupi kama kope.

Majirani walimwita Bi Pua. Jina lilianza kwa utani, likaishia kuwa la kweli, na sasa hata waliokuwa wakimwazima chumvi walinyamaza akipita. Wengine walisema kisanduku kinapiga picha. Wengine walisema kinasikia. Fundi viatu wa pale njia panda aliapa kwamba kila nyumba itakayokutwa na moshi itatozwa faini. Mpimaji angeweza kuwaambia ukweli, lakini siku ya kuajiriwa alikuwa ametia sahihi karatasi iliyosema matokeo ni mali ya ofisi, na atakayeyasambaza kazi hana. Kwa hiyo kila alipoulizwa alijibu, "Mimi naandika tu." Na jibu hilo ndilo lililozidi kuwatia watu wasiwasi.

Jumatatu aliitwa ofisini. Msimamizi alikuwa mtu mpole, mwenye viatu visivyojua tope, na sauti ambayo haikupanda hata alipokasirika. Aliugeuza uso wa kompyuta umwelekee mpimaji. Palikuwa na mstari unaopanda na kushuka kama meno ya msumeno.

"Unaona hapa? Saa kumi na mbili asubuhi unaondoka kwenda kusoma vipimo vyako viwili vingine. Saa kumi na mbili na dakika tano, pu, mstari unaanguka. Saa mbili kasorobo, kabla hujarudi, unapanda. Jioni vivyo hivyo. Saa kumi na moja unatoka, unaanguka. Kila siku, wiki tatu."

Mpimaji akausogelea ule mstari. "Labda kifaa kibovu, bwana."

"Kifaa kibovu hakijui ratiba yako." Msimamizi akafunga kalamu yake kwa kifuniko, taratibu. "Kuna mtu anakiziba. Mtu anayejua dakika unayotoka na dakika unayorudi. Mtu ambaye hakuna mbwa anayembwekea akiingia uani kwako."

"Unasema ni mimi?"

"Sijasema. Nakuuliza." Akamtazama. "Ijumaa tunafunga orodha ya majiko. Nyumba mia tatu zitapewa majiko yenye dohani ya kupeleka moshi juu ya paa, na wauza kuni watajengewa mabanda ya kukaushia kuni. Kuna mitaa miwili inashindania nafasi moja, wenu na ule wa ng'ambo ya reli. Kwa namba hizi, nyie hamna shida yoyote. Nyie mnaweza kuwauzia wenzenu hewa. Sasa kuna anayefaidika mtaa wenu ukikosa. Niletee jina, au Alhamisi nije kukichukua kisanduku, na wewe tuachane."

Alitoka pale. Njia nzima alikuwa akiwapitisha watu kichwani, mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele, na kila mara mkono ulirudi kwa mwokaji mikate.

Mwokaji ndiye aliyekuwa na tanuri kubwa kuliko majiko yote ya mtaa. Bomba lake lilitoa moshi mzito tangu alfajiri, na tangu kisanduku kije hakumsalimia mpimaji kwa moyo mweupe hata siku moja. Jioni ile mpimaji alijipanga kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, mwokaji alifungia mkate kwenye gazeti bila kumwangalia, akasema kwa sauti ya kuwafikia waliokuwa nyuma:

"Mpisheni haraka Bi Pua, asije akatunusa sote."

Watu wakacheka. Mpimaji hakuondoka.

"Kuna mtu anaziba kipimo changu, asubuhi na jioni, kila nikitoka," alisema. "Nimekuja kukuuliza, jirani. Sitaki kupita nyuma yako."

Kicheko kikakatika. Mwokaji akajifuta unga mikononi. Hakuwa na hasira. Alionekana zaidi kama mtu aliyechoka kungojea swali.

"Mimi nikitaka kuziba kitu chako nitakuja mchana, nikupigie hodi, nikuambie nimekuja kuziba. Saa hizo unazozisema mimi niko mbele ya tanuri, waulize hawa. Nikitoka dakika tano mikate inakuwa makaa." Akainama kidogo juu ya meza, sauti ikashuka. "Halafu mbona unanusa mbali? Tanuri langu likifungwa nitaumia, sikatai. Lakini kuni zangu nanunua kwa nani? Kaulize nyumbani kwako."

Mpimaji alichukua mkate wake, akatoka. Nyuma yake hakucheka mtu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Baba mkwe wake aliuza kuni kando ya barabara, ubavuni mwa nyumba yao, kwenye kiwanja kilichozungushiwa mabati. Alikuwa mzee wa maneno machache na mikono iliyojaa vibanzi, na katika miezi yote minne hakuwahi kukigusia kile kisanduku, wala kwa wema wala kwa ubaya. Usiku wa kuamkia Jumanne mpimaji hakuona tena utulivu katika kimya hicho. Aliona njama. Wakati wa chakula alimtazama mzee anavyomega mkate, akaangalia kama amevaa kitu cha sufu ya buluu. Mzee aliinua macho, yakakutana na yake.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, baba."

Walipobaki wawili chumbani, alimwambia mumewe. Mume alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akijisugua grisi kwenye kucha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaacha kusugua.

"Kwa hiyo baba yangu ndiye mwizi wako."

"Sijasema mwizi."

"Umesemaje? Nani mwingine anayeijua dakika unayotoka? Mimi? Mbona usinipekue na mimi? Haya, soksi zangu zile pale."

Mpimaji akageuka kuzitazama, lakini soksi za mume zilikuwa nyeusi, za pamba. Akamgeuzia mgongo. Walilala kila mtu na ukuta wake.

Jumanne, saa kumi na moja jioni, aliaga kama kawaida. Alichukua daftari, akapita mlango wa mbele, akaenda mpaka kwa fundi viatu ili aonekane anapita. Kisha akazunguka kwa uchochoro wa nyuma, akaingia kwenye choo cha uani, akarudisha mlango na kubakiza ufa wa upana wa kidole.

Hakukaa sana. Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Aliyetoka alikuwa mama mkwe wake, mjukuu mgongoni, ndoo tupu mkononi. Mpimaji alidhani anakwenda kuchota maji. Bibi aliifudikiza ndoo chini ya nguzo, akashika nguzo kwa mikono miwili, akapanda. Alisimama juu ya ndoo akihema, kifua kikimpiga filimbi, akangoja pumzi irudi. Kisha akachomoa kifuani soksi ya mtoto, ya sufu, ya buluu, akaanza kuisokomeza kwenye mdomo wa mrija kwa kidole gumba, kwa uangalifu wa mtu anayemfunga mgonjwa kidonda.

Kati ya watu wote, huyu ndiye ambaye mpimaji hakumpitisha kichwani hata mara moja. Mtu hamshuku anayekohoa kwa sababu ya moshi kwamba ndiye anayeuficha.

"Mama."

Bibi hakushtuka wala hakuanguka. Aligeuza shingo polepole, soksi ikining'inia nusu.

"Si ulikwenda?"

"Nimerudi."

"Basi nipe mkono nishuke. Ndoo hii inacheza."

Alimshusha. Wakakaa kwenye ngazi ya jikoni, bega kwa bega, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Mtoto alikuwa amelala, shavu limelalia mgongo wa bibi yake, na katika usingizi naye alikohoa kikohozi kidogo, kikavu.

"Kwa nini, mama? Tangu jana natafuta mchawi mtaa mzima. Nimemtuhumu mwokaji mbele za watu. Nimemtuhumu baba. Mume wangu hasemi na mimi."

"Ulimtuhumu na baba yako?" Bibi alitaka kucheka, kifua kikakataa. "Yule hata taa akiwasha anakuita umzimie." Alipopumua vizuri akaendelea. "Mimi najua kisanduku kimekuja kufanya nini. Kimekuja kutafuta pa kufunga. Wakiona moshi watafunga tanuri. Tanuri likifungwa, mzee kuni atamuuzia nani? Kifua changu ninakijua, mwanangu, ninaishi nacho. Lakini dawa yake inatoka kwenye kuni zilezile."

"Hakikuja kufunga. Kimekuja kutafuta mtaa wenye moshi mwingi, upewe majiko yenye dohani. Baba angejengewa banda la kukaushia kuni. Hawataki watu waache kuuza, wanataka wauze kuni kavu."

"Nani kasema?"

"Ofisi."

"Imemwambia nani?"

Mpimaji akalitazama daftari. "Mimi."

"Na wewe ukamwambia nani?"

Bibi akachukua ile soksi, akaikunja mara mbili juu ya goti lake.

"Miezi minne umekaa na moshi wetu ndani ya daftari lako. Nakuuliza kila asubuhi kinasemaje, unaniambia vizuri. Mtu anayesema vizuri huku anafuta machozi, mimi nimweleweje? Nikajua kuna baya unanificha. Nami nikaona nikufiche langu."

Mpimaji alifikiria karatasi aliyotia sahihi. Kisha akafungua daftari magotini na kuanza kusoma, tangu ukurasa wa kwanza. Mia mbili na kumi. Mia na tisini. Mia tatu na nne, siku ile ya ukungu. Bibi hakujua kusoma, lakini namba alizijua vizuri, na baada ya kila namba alitikisa kichwa, kama mtu anayesomewa majina ya jamaa zake.

"Na nzuri ni ngapi?"

"Kumi na tano kushuka chini."

Bibi alinyoosha mkono nyuma akaushika mguu wa mjukuu, mguu usio na soksi.

Usiku huo nyumba iligawanyika. Mume alisema jibu ni rahisi, aseme ni watoto wa mtaani. Mzee, ambaye ndiyo kwanza anayasikia, alisema neno moja tu: jina la mkewe lisifike ofisini. Jumatano mpimaji alikwenda kwa msimamizi na kusema nusu ya ukweli. Mtu wa nyumbani kwangu. Nani, hasemi. Msimamizi akafunga kompyuta.

"Basi kesho nakuja na bisibisi," alisema.

Alikuja saa kumi na moja na nusu jioni, na begi la vifaa begani. Majiko yalikuwa yameshawashwa na uani palikuwa pameanza kuingia giza la moshi. Baadhi ya majirani walisimama kwenye ukuta kuangalia, na mwokaji, aliyetoa mikate yake mapema siku hiyo, alikuwamo, mikono imefumbatwa. Mpimaji alimkabidhi daftari na ufunguo wa kisanduku. Msimamizi alikuwa ameshafungua skrubu ya kwanza mama mkwe alipotoka jikoni akijifuta mikono.

"Usimsumbue huyu. Aliyeziba ni mimi."

Mzee alikohoa kwa mshangao pale mlangoni. "Mke wangu."

"Niache niseme. Kutwa nzima nimenyamaza." Akamgeukia msimamizi. "Niliziba kwa sababu niliogopa, na niliogopa kwa sababu hamkutuambia kitu, mpaka juzi huyu aliponisomea daftari lake. Mmetundika jicho uani kwangu, mkaondoka. Wewe mtu akikuwekea jicho chumbani kwako bila kukuambia linatafuta nini, utalala?"

Huko ukutani mtu alisema, "Mwambie."

Msimamizi alishika skrubu yake kiganjani. "Mama, nakuelewa. Lakini namba zimeharibika, na orodha inafungwa kesho. Mimi naenda na namba."

"Umekuja na kingine cha kupimia?"

Alikuwa nacho, kidogo, cha mkononi, kwenye begi. Alikitoa kwa kusitasita.

"Njoo nacho jikoni."

Jiko lilikuwa chumba cha hatua tatu kwa mbili, na dirisha la upana wa tofali. Bibi alimkalisha msimamizi kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Akaweka sufuria ya maji juu ya mafiga, akasukumia kuni ndani, akainama kupuliza. Kuni zililia na kutoa povu nchani. Moshi haukwenda juu. Ulitambaa kwanza, ukawazunguka miguu, ndipo ukaanza kupanda. Mpimaji alisimama mlangoni na mtoto mkononi. Namba kwenye kifaa ilikuwa mia na themanini. Ikawa mia nne. Ikapita mia saba.

"Kuni hizi ni mbichi kabisa," msimamizi alisema, akifuta macho kwa mkono wa shati. "Nani kakuuzia hizi?"

"Hazikuuzwa. Hizi ndizo zisizonunulika. Kavu zinakwenda kwa mwokaji na kwa watu wenye fedha. Mume wangu ni muuza kuni, mimi napikia zilizobaki."

Mzee alisikia. Miaka yote ile alikuwa akiangusha mzigo mlangoni jioni na kwenda kunawa. Alisimama akiutazama ule moshi unavyomzunguka mkewe, kisha akageuka akatoka, na wote wakasikia mabati ya kiwanjani yakifunguliwa. Alirudi na kumbatio la kuni kavu, zile za mteja wa kesho. Mkewe akamzuia kwa kiganja.

"Weka hapo nje. Leo tunapikia hizi. Mgeni anapima."

Elfu moja na sitini. Msimamizi alianza kukohoa. Akaitoa kalamu, akaandika huku kichwa amekigeuzia pembeni.

"Orodha ya kesho siwezi kuibadilisha," alisema, sauti yake kwa mara ya kwanza imekwaruza. "Mtaa wa ng'ambo ya reli utatangulia. Ila naandika vipimo virudiwe hapa siku thelathini, muingie kwenye orodha inayofuata. Kisanduku kitabaki." Akamtazama mpimaji. "Cha hapa nyumbani hutakisoma wewe, nitamleta mwingine. Viwili vile endelea navyo. Na kuhusu yale uliyomsomea mama kwenye daftari, kwa kuwa naona mtaa mzima umeshajua, sijasikia kitu."

"Na hizo za siku thelathini," mpimaji alisema, "nani atawasomea watu?"

Msimamizi aliwaza, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. "Zibandikwe mlangoni kwa mwokaji. Kila siku. Nitaandika na hilo."

Kule nje mwokaji alisema mlango wake hauna shida. Msimamizi akafunga daftari, akashika ukuta, akaanza kuinuka kwenye kigoda.

Mama mkwe alimwekea mkono begani, akamrudisha chini taratibu, kisha akachungulia sufuria.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Mbona maji hata hayajapata moto."